Uliza Dizaina: Kadi ya mchango nayo ni kazi

SWALI: Shikamoo dada. Nilimaliza stashahada ya usanifu wa michoro mwaka jana, na sasa nimeitwa usaili wa nafasi ya dizaina wa kuanzia kwenye kampuni ya matangazo hapa Dar. Kinachonisumbua ni potifolio. Kazi za kweli nilizonazo nimezifanya kwenye steshenari ya mjomba huku Mbagala: kadi za michango, kadi za harusi, flaya za saluni, bango la duka la dawa, fulana za msiba. Naona aibu kuzipeleka kwa watu wa Masaki. Rafiki yangu anasema niachane nazo, nichore upya nembo za Nike na Coca-Cola nizipange vizuri ili nionekane wa kimataifa. Pia nimeambiwa kutakuwa na jaribio la saa mbili kwenye kompyuta yao. Na Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nijiandae vipi?
Wa Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Ukiona umeitwa, ujue kuna mtu alifungua ulichotuma akaona kitu. Basi usiingie mle ndani ukiomba radhi kwa ulikotoka.

Nianze na rafiki yako wa Nike. Mimi hukaa upande wa pili wa meza hiyo mara kwa mara, na Nike zilizochorwa upya tumeziona mpaka macho yanauma. Si kwamba ni mbaya, nyingine ni nzuri kweli. Ila nikiuliza swali la pili, mazungumzo yanakufa. Mteja alisema nini? Hakuna mteja. Ilichapwa kwenye karatasi gani? Haikuchapwa. Ulibanwa na nini? Hakubanwa na kitu, alikuwa chumbani kwake na bando la usiku. Sasa nitajuaje kama Jumatatu nikimpa tangazo lenye maneno mengi, bajeti kiduchu na mteja mwenye presha, ataweza?

Kadi ya mchango ina majibu yote hayo, tena kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Iweke mezani tuiangalie pamoja. Mimi siangalii maua ya pembeni wala zile pete mbili za dhahabu. Naangalia jicho linatua wapi kwanza. Kadi nyingi jicho linatua kwenye majina ya maharusi, yameandikwa kwa mwandiko wa kujipinda usiosomeka. Halafu kuna mstari wa nukta wa kujaza jina la mwalikwa. Halafu familia ya fulani wa Kimara inayo furaha kukutaarifu. Na kule chini kabisa, kwa herufi za kuwatafutia miwani, ndiyo kuna namba ya simu ya mweka hazina.

Jiulize kadi hii kazi yake nini. Inaomba pesa, na inaziomba kabla ya tarehe fulani. Kwa hiyo vitu viwili ambavyo mtu lazima avione hata akiwa amesimama kwenye daladala ni namba ya kupokelea pesa na siku ya mwisho. Kama wewe uliviinua hivyo viwili vikaonekana, na ukaweza kumshawishi mwenyekiti wa kamati kwamba majina ya maharusi hayatadhalilika yakipungua ukubwa kidogo, hiyo ni kazi ya dizaina, na ningependa kuisikia ukiieleza.

Turudi kwenye ule mstari wa nukta. Unajazwa kwa kalamu, kalamu ya biki ya shilingi mia tano. Kadi ikichapwa kwenye karatasi ya kung'aa, wino wa kalamu unateleza, mtu anapitisha kidole na jina la Mzee Fulani linageuka doa. Nani alichagua karatasi? Nafasi ya juu ya mstari inatosha mkono wa mtu kuandika, au umeacha milimita nne tu? Na kwa kuwa siku hizi kadi nyingi zinatumwa WhatsApp, ulitengeneza toleo la pili la kusimama wima kwenye skrini ya simu, au ulipiga picha ile ya kuchapa ukairusha hivyohivyo? Mtu anayejibu maswali haya kwa utulivu namweka mbele ya mwenye Nike kumi.

Kwa hiyo peleka kadi ya mchango. Usipeleke kumi na tano, peleka moja uliyoifikiria. Jumla ya potifolio yako iwe kazi sita hivi, zikizidi sana ziwe nane. Kila kazi dhaifu unayoongeza inaishusha ile nzuri iliyo jirani yake, kwa sababu jopo linabaki likijiuliza kama unaona tofauti. Yenye nguvu kuliko zote ianze, na inayoifuata kwa nguvu uiweke mwisho, ndiyo itakayobaki kwenye skrini wakati mnaongea.

Kwa kila kazi uwe na maneno ya dakika mbili, umeshayasema kwa sauti nyumbani, si kichwani. Nani aliagiza na alitaka nini kitokee. Kipi kilikubana: muda, pesa, mashine ya rangi moja, picha mbovu, mteja asiyependa kijani. Uliamua nini na kwa sababu gani. Ilivyotoka kwenye mashine ilikuwaje. Kama unazo karatasi ulizochorachora mwanzoni, zipige picha uziingize, hata zikiwa na doa la chai. Kama ulizitupa, usikae usiku kuchora rasimu za uongo za kazi iliyokwisha. Zinajulikana, maana zinafanana mno na kazi iliyokamilika.

Mambo mawili kabla hujafunga hilo faili. Namba za simu za watu kwenye kadi, zifunike. Hizo fulana za msiba, usizionyeshe bila ruhusa ya familia, na hata wakiruhusu badilisha jina na sura. Jopo likiuliza kwa nini kuna sehemu umezifunika, jibu lako tu litakupandisha, kwa sababu kampuni ya matangazo inaishi kwa siri za wateja. La pili, palipo na tempuleti ya kupakua, sema ni tempuleti, kisha eleza ulichobadilisha. Nusu ya tempuleti za flaya za saluni tunazifahamu sura zake.

Ukitaka kuongeza kazi moja ya kujitungia, hiyo inaruhusiwa, ila chagua kitu unachokipita kila siku. Menyu ya mama lishe inayobadilika kila asubuhi. Vibao vya kumwelekeza mgonjwa kwenye zahanati ya mtaa, kutoka mapokezi hadi maabara hadi dirisha la dawa. Nenda ukasimame pale, uone watu wanapotea wapi, uchore. Hapo utakuwa na la kusema.

Kuna swali karibu litakuja, nalo ni hili: dizaini gani unaipenda? Tisa kati ya kumi wanasema Apple, na tunashukuru, tunaendelea. Wewe una kanga nyumbani kwenu. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, ule msemo wenyewe, mara nyingi kwa herufi kubwa zisizo na madoido, ndani ya kisanduku upande wa chini wa mji. Herufi zile zinasomwa zikiwa mgongoni kwa mtu anayetembea, kitambaa kimejikunja, na wewe uko upande wa pili wa barabara. Kanga zenye alama ya Mali ya Abdulla kutoka Mombasa zimeuzwa kizazi baada ya kizazi na mpangilio ni uleule. Au sema daladala za Dar, ile mistari ya rangi ubavuni inayomwambia hata asiyejua kusoma gari linaelekea wapi. Hayo si majibu ya kuwafurahisha wazee, ni majibu ya mtu mwenye macho. Lakini usiyakariri kutoka kwangu, maana na wenzako wanasoma ukurasa huu. Tafuta lako.

Sasa jaribio. Kwanza piga simu au andika barua pepe leo uulize: tutatumia programu gani, naruhusiwa kuja na kompyuta yangu, intaneti itakuwepo? Hakuna atakayekuona msumbufu. Kama umezoea CorelDRAW ya steshenari na wao wanatumia Illustrator, siku chache zinatosha kujua vifaa vinakaa wapi, ila hazitoshi kama utagundua pale pale ukiwa umekaa.

Ukipewa karatasi ya maelekezo, isome mpaka mwisho kabla hujagusa kipanya. Mara nyingi kuna mtego umetegwa kwa makusudi: ukubwa umetajwa mara moja tu katikati ya aya, au jina la bidhaa limeandikwa kwa namna mbili, au tarehe haipatani na siku ya wiki. Anayeinua mkono na kusema, "Samahani, hapa mmeandika Ijumaa tarehe 14 lakini kalenda inasema Alhamisi," ameshafanya nusu ya jaribio. Chora kwa penseli kwanza, robo saa hivi. Na dakika ishirini za mwisho usibuni kitu kipya, hizo ni za kukagua na kutoa faili.

Kama maneno ni ya Kiswahili, na hapa Dar yatakuwa ya Kiswahili, kuna mambo matatu yanayowaumbua watu wengi. Programu haijui lugha yako, kwa hiyo itapigia mistari myekundu kila neno; zima kikagua tahajia, usome kwa macho yako herufi kwa herufi. Pili, programu ikiachiwa ikate maneno mwisho wa mstari itayakata kwa kanuni za Kiingereza, utakuta "tunakuk" juu na "aribisha" chini. Zima na hiyo, au kata mwenyewe kwa silabi. Maneno yetu ni marefu, "wanakukaribisha" peke yake linajaza safu nyembamba, kwa hiyo pima kichwa cha habari kwa neno refu kuliko yote kabla hujapenda fonti. Tatu, ile alama ya ng' kwenye ng'ombe na ng'ambo. Iwe imejikunja kama tisa, si kama sita, na si kijiti kilichosimama. Ni kitu kidogo, mkurugenzi wa sanaa akikiona kimekaa sawa anatabasamu.

Upande wa uchapaji watakuuliza kidogo, na hapa wewe mtoto wa steshenari una mtaji ambao wenzako wa Nike hawana. Flaya ya A5 ni milimita 148 kwa 210. Ukiweka blidi, ule ukingo wa ziada unaokatwa baada ya kuchapa, ya milimita tatu kila upande, faili lako linakuwa 154 kwa 216, na usiweke herufi karibu na ukingo, maana kisu cha kukatia hakina huruma. Rangi za kuchapa ni CMYK, yaani wino nne za mashine, na ile bluu inayong'aa kwenye skrini ya RGB, yaani rangi za mwanga, ikifika kwenye karatasi inafifia, wakati mwingine inaelekea zambarau. Sema unalijua hilo na unamwonyesha mteja sampuli mapema. Maandishi madogo meusi yawe meusi ya wino mmoja. Ukiyafanya kwa wino nne, pleti moja, lile bati la kuchapia kila wino, ikisogea kidogo tu kwenye mashine ya ofseti, kila herufi inaota kivuli.

Na picha za wateja. Mteja atakutumia kwa WhatsApp, imeshabanwa. Chukua picha yenye pikseli 1600 upande mrefu, gawanya kwa 300, ndizo pikseli za kila inchi kwenye uchapaji mzuri, unapata inchi tano na ushee, yaani kama sentimita 13 na nusu. Hiyo ndiyo saizi ya kuchapa vizuri kwa kitu cha kushika mkononi, na haitoshi hata kwa flaya nzima ya A5. Ukiweza kupiga hesabu hiyo mbele yao kwa mdomo, halafu ukaongeza, "Ningemwomba mteja aitume tena kama dokumenti," basi kaa ukijua kuna mtu ameandika alama ya vema kwenye karatasi yake.

Faili ulizotoa zipe majina yanayoeleweka. Jina la kazi, ukubwa, tarehe. Wewe mwenyewe umeshaona kwa mjomba wako "bango mwisho kabisa 2 HII NDIYO".

Kuna mmoja kwenye jopo atakushambulia. Atanyanyua kazi unayoipenda aseme bluu hii imenichosha, au kwa nini umeacha nafasi kubwa hivi, ungeijaza. Usichukie, na usikimbilie kukubali. Anataka kuona mtu wa kukaa naye ofisini wakati mteja amekataa kazi saa kumi na moja jioni. Kama una sababu, itoe kwa sentensi moja. Kama hoja yake ina uzito, sema ungejaribu nini badala yake. Jibu nisilolipenda ni "mteja ndivyo alivyotaka", kisha kimya. Sawa, alitaka. Wewe ulimwambia nini?

Mwaka 1986 Steve Jobs alimtafuta Paul Rand, dizaina wa Marekani aliyekuwa ameshachora nembo ya IBM, amchoree nembo ya kampuni yake mpya ya NeXT. Rand alitoza dola 100,000, akapeleka nembo moja tu, bila chaguo la pili, ikiambatana na kijitabu kilichoeleza hatua kwa hatua kwa nini iko vile. Mdogo wangu, wewe ukiombwa machaguo matatu, peleka matatu! Ila kile kijitabu, mazoea yale ya kuweza kueleza, ndicho ninachotaka uibe.

Kiingereza: usaili wa namna hii huanza kwa Kiingereza, ukikolea unarudi Kiswahili wenyewe. Andaa sentensi tatu za Kiingereza kwa kila kazi, fupi, na zizoee ulimi. Ukikwama, omba kuendelea kwa Kiswahili, kwa sauti ileile uliyokuwa nayo, usianze kunong'ona. Ukiajiriwa hapo utaandika matangazo ya watu wa Mbagala, na wewe ndiye unayejua wanavyosoma.

---

SWALI: Dada, nivae suti? Kaka yangu anasema bila tai hawanipi kazi.
Wa Ubungo

JIBU: Shati safi lililopigwa pasi, suruali isiyochanika, viatu vilivyofutwa vumbi. Tai ukipenda. Sijawahi kusikia jopo la madizaina likijadili tai, ila tumewahi kujadili mtu aliyekuja na kompyuta yenye chaji ya asilimia nne na bila waya. Beba chaja, beba nakala kwenye flashi, beba PDF kwenye simu, na beba kazi moja au mbili zilizochapwa za kushika mkononi.

---

SWALI: Habari za kazi dada. Baada ya usaili wa kwanza kwa njia ya simu, kampuni moja hapa Arusha imenipa "jaribio" la kufanyia nyumbani: nembo, kalenda nzima ya mwaka ujao, na posti kumi na mbili za Instagram, zote za mteja wao wa kweli wa utalii. Wamesema niwatumie na faili za kuhariri. Wamenipa wiki moja, malipo hawajagusia. Nifanye?
Mwenye wasiwasi, Arusha

JIBU: Una haki ya kuwa na wasiwasi. Hilo si jaribio, hiyo ni kazi ya mteja inayotafuta fundi wa bure.

Jaribio la haki lina mpaka: kitu kimoja, saa chache, mara nyingi la bidhaa ya kubuni, na hakuna anayehitaji faili la kuhariri ili ajue kama unajua kupanga. Sisemi wote wanaofanya hivyo ni wezi. Wengine ni uzembe tu, bosi kasema mpe kitu, msaidizi kampa kilichokuwa mezani. Kwa hiyo anza kwa adabu. Waandikie kitu kama hiki:

"Asanteni kwa nafasi hii. Kwa ajili ya tathmini, nitaandaa nembo katika rasimu moja na posti mbili zinazoonyesha mwelekeo, na nitazituma kwa PDF ifikapo Alhamisi. Kama mnahitaji kalenda na posti zote pamoja na faili za kuhariri kwa matumizi ya mteja, naomba tukubaliane malipo na masharti ya matumizi kwanza."

Soma tena, utaona haina ugomvi. Anayekutafuta kweli atajibu, "Sawa, tuma hizo." Anayetafuta kalenda atanyamaza, na ukimya wake umekuokolea wiki.

Unapotuma, tuma kwa ukubwa wa skrini, si wa kuchapa, na andika jina lako na tarehe juu ya kila ukurasa. Barua pepe zote zihifadhi. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu inapotengenezwa, huhitaji kuisajili kwanza ndipo iwe yako, japo ukiwa na mgogoro COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio watu wa kuanzia kuwaona. Wewe bado si mwajiriwa wao na hujasaini kitu. Lakini nikwambie ukweli wa mtaani: kumfukuzia mtu kwa sababu ya posti kumi na mbili kunachosha kuliko kuzichora. Ndiyo maana nakazania barua ya mwanzo.

Ukiwa kwenye usaili wa ana kwa ana wakakuuliza kwa nini hukumaliza zote, usitetemeke. Waeleze ulichoona ndicho cha kutosha kupima uwezo wako, na uwaonyeshe ulivyofikiri kwenye hizo chache. Tena zifanye hizo chache ziwe nzuri kwelikweli, maana umejinyima pa kujificha.

---

SWALI: Dada yangu, wakiuliza mshahara niseme ngapi? Mara ya mwisho nilisema "chochote mtakachonipa" wakaangaliana. Nina mkopo wa Bodi ya chuo pia.
Mhitimu, Dodoma

JIBU: Waliangaliana kwa sababu hukuwapa kitu cha kushika. Mtu anayeshindwa kutaja bei yake, kesho atashindwa kumtajia mteja bei ya kazi.

Kabla ya kutaja, waulize wenzako wawili watatu waliokutangulia kwenye kampuni za namna hiyo, katika mji huohuo. Usiulize mitandaoni, huko kila mtu analipwa milioni tatu. Halafu piga hesabu ya unachohitaji kuishi: chumba, nauli, chakula, bando, na kidogo cha nyumbani. Namba hiyo ni ya kuingia mfukoni. Wao watazungumza mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, na hapo katikati pana shimo ambalo vijana wengi hulijua siku ya mshahara wa kwanza.

Tuchukue mfano wa laki sita ghafi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kawaida asilimia kumi ni ya kwako, shilingi 60,000. Inabaki 540,000, ndiyo inayotozwa kodi. Kwa viwango vinavyotumika, 270,000 za kwanza hazitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia nane, yaani 20,000, na ile 20,000 iliyozidi inatozwa asilimia ishirini, 4,000. Kodi jumla 24,000. Kisha Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 90,000 nyingine. Unapokea 426,000. Kama chumba na nauli vyako vimekaa kwenye hesabu ya laki sita, umeshapotea kabla hujaanza.

Kwa hiyo taja masafa mafupi, kwa ghafi, na useme ni ghafi. "Nafikiria kati ya laki saba na laki nane ghafi, kutegemea majukumu na kama kuna bima na nauli." Kisha nyamaza. Usijazie ule ukimya kwa kujishusha mwenyewe, hilo ndilo kosa la wengi. Wakija na chini ya hapo, uliza kipindi cha majaribio ni miezi mingapi na mshahara unaangaliwa upya lini. Wakisema "tutaona", omba iandikwe kwenye mkataba. Na kompyuta: ya kwao au ya kwako? Kama ni ya kwako, hiyo nayo ni gharama ya kutaja.

---

SWALI: Dadangu, hujambo. Mimi niko Mombasa. Kazi zangu zote nazifanya kwa simu, Canva na PixelLab, na nina wateja. Nimeona tangazo la kazi ya dizaina wa mwanzo, wanataka Illustrator na Photoshop. Sina laptopu. Niombe au niwache?
Wa Likoni

JIBU: Sijambo, nduguyo mzima. Omba. Uliye na wateja wanaolipa umeshavuka hatua ambayo wengine wenye laptopu hawajaifikia, na kwenye barua yako hilo ndilo liwe la mwanzo kusomwa.

Ila usidanganye. Ukiandika Illustrator nao wakakuweka mbele ya Illustrator, dakika tano zitakuumbua. Andika unachotumia, na andika unachojifunza sasa hivi, kisha kweli ujifunze. Tafuta saiba ambayo mwenyewe ni muungwana, mpatane bei ya masaa ya asubuhi wakati hakuna watu. Inkscape ni ya bure na inafanya kazi za vekta, michoro isiyopasuka ukiikuza, kama Illustrator. Photopea inafunguka ndani ya kivinjari na imepangwa kama Photoshop, ukiijua hiyo nyingine haitakutisha. Figma nayo ina daraja la bure.

Usitake kujifunza kila kitu. Jifunze kalamu, kile kifaa cha ndani ya programu cha kuchora mikunjo. Chukua herufi kubwa S kutoka kibao cha duka lolote, uipige picha, uizungushie kalamu mpaka mkunjo ukae laini kwa vituo, zile nukta zinazoushika mkunjo, vichache iwezekanavyo. Halafu R. Halafu a ndogo. Anayeweza S ameweza nembo nyingi, na kwenye majaribio hapo ndipo wa Canva na wa vekta huachana.

Kisha chukua kazi yako moja ya simu, ile uliyoipenda mwenyewe na mteja akailipia, uijenge upya kwenye Inkscape, kwa ukubwa wa bango la rolapu, sentimita 85 kwa 200. Zipeleke zote mbili. Watakuuliza nini kilibadilika ulipotoka kwenye simu kwenda kwenye bango la kimo cha mtu, na hapo utaongea juu ya picha zilizopasuka, herufi zilizoonekana kubwa kwenye kiganja zikawa ndogo ukutani, na robo ya chini ya bango ambayo hakuna anayeisoma kwa sababu watu wamesimama mbele yake. Namba ya simu usiiweke huko chini.